Karema: Mfadhili Alipoondoka, Nani Alibaki?



Somo letu robo hii linatoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kusini-magharibi mwa Mpanda. Ni parokia ya Kikatoliki, lakini historia yake inatufaa sisi Walutheri pia, hasa tunaotamka neno "mradi" kila siku.

Karema haikuanza kama misheni. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha hapo kituo cha chama kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Ikajengwa ngome. Maji ya ziwa yakapungua sana miaka iliyofuata, ufuko ukaisogelea mbali ngome ile. Mwaka 1885 mfalme alikwisha kuelekeza macho yake Kongo, na kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Kwa lugha ya ofisi zetu, mfadhili alifunga mradi baada ya miaka 6.

Usharika uliozaliwa ndani ya kuta hizo ulianza na watu wasio na kitu. Mapadre waliwakomboa watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Watoto wakakua, wakaoana, wakaanzisha vijiji kuizunguka misheni.

Kisha mwaka 1889 akafika Adrien Atiman. Alizaliwa jirani na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari huko Malta. Karema alikuwa tabibu na katekista pamoja. Akaoa huku huku, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre, hakuwa Mzungu, wala hakuwa na mkataba wa miaka mitatu!

Nasema haya kwa sababu ya taarifa ninazopokea kutoka sharikani. Jina la mfadhili limo, idadi ya mabati imo, mifuko ya saruji imo. Kina mama waliobeba maji ya kufyatulia tofali hawamo, na wazee waliotoa kiwanja wanazidi kututoka. Wafadhili wetu nao wangependa kuwajua watu hao, maana ndio watakaoukarabati mlango ukioza.

Kwa mjadala wa kamati: kanisani kwenu, nani alikuwepo kabla ya fedha kufika? Andikeni majina yao kwenye daftari la usharika kabla ya mkutano mkuu wa mwaka.