Mafua, Aleji na Mimba: Kipi Kimezwe, Kipi Kiachwe

Mjamzito anaingia duka la dawa la mtaani, pua imeziba, macho yanawasha. Anaomba "dawa ya mafua". Muuzaji anakata vidonge vinne kwa mkasi, anavitia kwenye bahasha ndogo ya khaki na kuandika 1×3. Jina la dawa limebaki kwenye kipande kilichorudi kabatini. Maswali yafuatayo yanaanzia kwenye bahasha hiyo.

Dawa ya mafua nayo ni ya kuogopwa?

Historia inafundisha tahadhari. Mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi, ikasifiwa kuwa salama, na wajawazito wengi wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi mno, wengine hawana kabisa. Marekani ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu mkaguzi mmoja wa dawa, Dkt. Frances Kelsey, alikataa kuiidhinisha mpaka aletewe ushahidi wa kutosha.

Lakini hofu nayo ina madhara yake. Mama anayejikaza na homa kali, au anayetupa dawa zake za pumu kwa sababu ana mimba, anamweka mtoto hatarini zaidi kuliko angemeza dawa sahihi.

Maumivu ya kichwa na homa vitulizwe kwa dawa gani?

Kwa paracetamol, ambayo wengi huiita Panadol hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, aachanishe kwa saa sita, na asizidishe vinane kwa siku nzima. Mjamzito atumie kiasi kidogo kinachomtosha, kwa siku chache.

Septemba 2025 serikali ya Marekani iliihusisha dawa hii na usonji, na simu za wajawazito zikajaa ujumbe wa kutisha. Shirika la Afya Duniani lilijibu siku chache baadaye kwamba hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa 2024, uliohusisha watoto karibu milioni 2.5, ulilinganisha ndugu wa tumbo moja: mmoja ambaye mama alitumia paracetamol akiwa na mimba yake, na mwingine ambaye hakuitumia. Tofauti haikuonekana.

Jambo moja lisisahaulike huku kwetu: homa ya mjamzito isipewe jina la mafua kabla ya kupima malaria.

Na Brufen au diclofenac?

Hapa mjamzito asimame. Dawa za kundi hili zinaweza kudhoofisha figo za mtoto. Mkojo wa mtoto ndio unaofanya sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka tumboni, hivyo figo zikilegea maji hupungua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri ziepukwe kuanzia wiki ya 20. Karibu na wiki ya 30 hatari nyingine huongezeka: mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao hupaswa kufunga baada ya kuzaliwa, unaweza kufunga mapema.

Aspirini ya dozi ndogo ni habari tofauti. Aliyeandikiwa kliniki ili kujikinga na kifafa cha mimba asiiache kwa kusoma makala.

Vile vidonge vya mchanganyiko je?

Ndivyo vinavyosumbua zaidi. Kidonge kimoja huweza kubeba paracetamol, chlorpheniramine, kafeini na phenylephrine. Anayekimeza pamoja na Panadol amejizidishia paracetamol bila kujua. Phenylephrine, na nduguye pseudoephedrine, hufungua pua kwa kubana mishipa ya damu. Hazimfai mwenye presha, na pseudoephedrine huepukwa hasa miezi mitatu ya mwanzo. La kusikitisha ni kwamba mwaka 2023 jopo la wataalamu wa Marekani lilihitimisha kuwa phenylephrine ya kumeza haizibui pua. Hatari ya nini, kwa faida isiyokuwepo?

Maji ya chumvi hufanya kazi vizuri zaidi: robo kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, ya kusafishia pua. Wapo pia wanaoziba pua miezi mizima bila kuwa na mafua, kwa sababu mimba yenyewe huvimbisha ngozi ya ndani ya pua. Hiyo huisha yenyewe baada ya kujifungua.

Mwenye aleji afanyeje?

Chlorpheniramine, ile Piriton ya siku zote, imetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi, ila inaleta usingizi. Loratadine na cetirizine hazilazi sana, na tafiti zake kwa wajawazito zinatia moyo. Zote ziulizwe kwanza kliniki. Mwenye pumu aendelee na pampu zake. Mama akikosa pumzi, mtoto naye anakosa oksijeni.

Antibiotiki huharakisha kupona?

Hapana. Mafua huletwa na virusi. Zaidi ya hapo, doxycycline inayouzwa kiholela inaweza kubadili rangi ya meno ya mtoto, na Septrin huingilia kazi ya foliki asidi wakati mwili wa mtoto ndio kwanza unajengwa.

Tangawizi, limau, asali?

Kikombe cha chai hakina ubaya. Kujifukiza chini ya blanketi na sufuria inayochemka ndiko kunakounguza watu.

Aende hospitali lini?

Siku hiyohiyo, akihema kwa shida, akibanwa kifua, homa ikigoma kushuka, au mtoto akipunguza kucheza. Na dukani aseme mapema kwamba ana mimba na ya wiki ngapi, kisha aombe kuliona boksi zima na kusoma majina ya dawa zilizomo kabla mkasi haujatoka.