Toa Pedeli Kwanza

Ukitaka kuijua aibu, fika Tanga ukiwa na miaka 22 na hujui kuendesha baiskeli. Mji wenyewe umelala kama mkeka. Barabara za Ngamiani zimenyooka, zimepewa namba, na asubuhi zinajaa baiskeli: wanafunzi, mafundi, akina mama wa baibui, mzee aliyefunga mkungu wa ndizi kwenye kerio huku akiitikia salamu za kila kibaraza. Mimi nimekulia Lushoto. Kwetu baiskeli utaisukuma ukipanda na utaiogopa ukishuka, kwa hiyo wengi hatujisumbui.

Mwaka jana nilipangiwa Tanga kwa mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu. Nilifikia kwa mama mdogo. Kutoka kwake hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, na bumu si unajua lilivyo, wiki ya tatu nilikuwa nahesabu sarafu. Bajaji kwenda na kurudi kila siku haikuwezekana. Mama mdogo akasema, "Mwanangu, baiskeli hiyo hapo, chukua." Nikamwambia sijui. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamwita mwanawe wa mwisho, wa darasa la sita, akamwambia: "Mfundishe dada yako."

Baiskeli ya nyumbani ilikuwa Phoenix, ile ndefu ya magurudumu ya inchi 28. Bwana mdogo aliikataa. Alisema nitavunjika. Akanipeleka kwenye godauni kuukuu lililokuwa la mkonge, sakafu ya saruji, paa bado zima, ambako yeye na wenzake huchezea BMX za mtumba jioni. Ndani kuna jukwaa la kupakilia mizigo, na mteremko wa saruji unaotoka pale juu mpaka sakafuni, kimo chake kama kiuno changu. Wao wameuongezea mbao na matofali. Mzungu angeita uwanja wa michezo na kukata tiketi. Kampala, pale Kitintale, vijana walijijengea uwanja wao wa saruji wa skeitibodi mwaka 2006. Hawa wangu wamekuta godauni wakashukuru.

Kwa nini BMX? Kwa sababu ni fupi. Magurudumu yake ni ya inchi 20, siti iko chini, gia ni moja, fremu imekazwa kuvumilia kuangushwa. Ilianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto walipokuwa wakiiga mashindano ya pikipiki za vumbi kwa baiskeli zao. Mbio zake ziliingia Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na ile ya kuruka na kujipindua hewani ikaingia kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Lakini kwa mtu anayeanza sifa yake ni moja tu: ukiogopa, unaweka miguu yote miwili chini, basi.

Jambo la kwanza alilofanya mwalimu wangu ni kung'oa pedeli. Spana namba 15. Ya kulia inafunguka kama nati yoyote. Ya kushoto inafunguka kinyume, na ukiilazimisha utaharibu uzi. Nilidhani ananitania, baiskeli bila pedeli ni nini? Kumbe ndiyo baiskeli yenyewe ilivyoanza. Ile ya kwanza ya magurudumu mawili, ya Karl von Drais wa Ujerumani, mwaka 1817, haikuwa na pedeli hata moja. Mtu aliikalia akasukuma ardhi kwa miguu. Pedeli zilikuja miaka ya 1860. Yaani binadamu walijifunza mizani kwanza, kupiga pedeli baadaye, na sisi tukaja kuwafundisha watu yote mawili kwa siku moja halafu tunashangaa wakianguka.

Basi siku ya kwanza na ya pili nilikuwa nasukuma kwa miguu, ukuta hadi ukuta, kama bata. Hatua ndogo, kisha ndefu, kisha unainua miguu na kuiacha iserereke. Nikihesabu moja, mbili, naanguka. Moja, mbili, tatu. Jioni ya pili nilifika saba.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu ya pili, maana mimi nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. Ningeweza kukuchorea ubaoni kwa nini baiskeli haianguki. Bwana mdogo alinisahihisha kwa sentensi moja: "Dada, ikiangukia kushoto, kata kushoto." Mwili wako wote unataka kukata kulia, ukimbie. Ukifanya hivyo umekwisha. Ukigeuza usukani kule kule unakoangukia, magurudumu yanarudi chini ya uzito wako na baiskeli inanyooka. Mwendo ukiwa mdogo mno, hayarudi upesi vya kutosha, ndiyo maana anayekwenda polepole kwa woga ndiye anayeanguka zaidi. Na macho yasiwe kwenye gurudumu la mbele, yawe unakokwenda.

Kuna jambo hata vitabu vyetu vililirahisisha. Wengi tulifundishwa kwamba mzunguko wa magurudumu ndio unaoisimamisha baiskeli. Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli waliyoiunda makusudi ili athari ya mzunguko huo ifutike. Wakaisukuma bila mtu, nayo ikajisimamia. Mzunguko husaidia, ila peke yake haumalizi maelezo. Nilimsimulia bwana mdogo. Akaniuliza kama hao watafiti wanajua kushuka mteremko.

Siku ya nne tukarudisha pedeli. Kuanza: pedeli moja iwe juu kidogo kwa mbele, kanyaga kwa nguvu mara moja, mwili ufuate, mguu wa pili utafute pedeli yake bila wewe kuinama kuitazama. Breki: ya nyuma kwanza, kidogo kidogo, ukiibana ya mbele peke yake kwa ghafla utapita juu ya usukani. Hizo za BMX nyingi zina ya nyuma tu.

Mteremko ndio ulionichukua muda. Unasimama juu ya pedeli, zote mbili zimelala usawa, hukai kwenye siti. Magoti na viwiko vimekunjwa, makalio nyuma kidogo. Unaiacha baiskeli ishuke chini yako, huiburuzi wala huishiki breki katikati. Mimi nilikuwa nakakamaa kama mlingoti. Mwenye viungo vilivyokakamaa hupokea kila mtikisiko kifuani, na ndivyo nilivyoruka mzima mzima hadi sakafuni, mkono umenyooka mbele. Nilibahatika, nilichubuka kiganja tu; mkono ulionyooka ndio unaovunja kifundo. Ukianguka kunja viwiko, jiviringishe. Na vaa kofia ngumu. Mimi nilivaa helmeti ya bodaboda ya jirani, nzito kama sufuria, lakini niliivaa.

Godauni lile lina adabu zake. Mmoja tu kwenye mteremko. Ukimaliza toka njiani kabla hujajipangusa. Anayeanza hapigiwi makofi wala hazomewi, wanamwangalia, wanasogea. Siku niliyoanguka, watoto kama kumi walikuwepo, na hakuna aliyecheka. Mmoja alikuja akanyoosha usukani wangu uliopinda, akaubana gurudumu kwa magoti yake, akaondoka bila kusema neno.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kiganja. Wiki mbili kabla, kidato cha pili, nilimwita mvulana mmoja ubaoni kutatua mlinganyo. Akasimama na chaki. Dakika nzima. Nikasema, kwa sauti ya kuchekesha, "Hili ni la shule ya msingi hili, nalo hulijui?" Darasa likaangua kicheko. Nilijiona mwalimu mwenye mvuto. Tangu siku hiyo kipindi changu kikifika, dawati lake lilikuwa tupu, na mimi kwenye ripoti yangu niliandika "utoro".

Tumesoma Vygotsky, tumesoma wale kina Wood, Bruner na Ross wa 1976 na habari yao ya kumjengea mwanafunzi jukwaa kisha kuliondoa taratibu. Mtihani wake nilipata A. Mtoto wa darasa la sita hajawahi kuwasikia, lakini alijua atoe pedeli lini na azirudishe lini. Mimi nilimpandisha mtu juu ya Phoenix ya inchi 28 mbele ya watu arobaini, nikamcheka.

Wiki ya mwisho nilikwenda shuleni kwa baiskeli ya mama mdogo, siti imeshushwa hadi mwisho. Nilifika vizuri mpaka njia panda ya mwisho. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kukata kulia ni kuvuka magari yanayokuja, na hilo godauni halikunifundisha. Nikashuka, nikaikokota. Yule mvulana alikuwa pale ng'ambo, na baiskeli yake.

"Shikamoo madam. Mbona unaikokota?"

"Marahaba. Bado sijui kukata kulia."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akaniambia nigeuke nyuma kwanza nitazame, ninyooshe mkono wa kulia mapema, na gari likiwa karibu nisione haya kusimama pembeni. "Hata mimi nilianza kwa kukokota," akasema. Nikamwomba radhi kwa siku ile ya ubaoni, pale pale barabarani, vibaya vibaya, maneno yakinigongana. Akasema, "Haina shida, madam," kwa namna ambayo shida ilikuwepo.

Kipindi cha pili alikuwa darasani. Niliandika mlinganyo ule ule, lakini safari hii hatua ya kwanza nilishaifanya mimi, nikauliza nani atafanya ya pili. Hakunyoosha mkono. Hatua ya tatu akanyoosha. Akakosea alama ya kutoa, akajiona mwenyewe, akatafuta dasta. Nikampisha.