Dondoo muhimu: Kadi ya mtandao kwa seva ya Linux

Unafunga seva Masoro, Kigali, iwe ya maabara ya chuo au ya kiwanda katika eneo maalumu la kiuchumi? Usianze na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Uliza draiva kwanza: zikiwa ndani ya kerneli yenyewe, kama ixgbe ya Intel au mlx5 ya Mellanox, hazikusumbui kila unaposasisha mfumo.

Kagua na nafasi ya kuchomeka. PCIe 3.0 ya njia 8 hupitisha takriban gigabiti 63 kwa sekunde. Ukichomeka humo kadi ya gigabiti 100, umelipia usichotumia. Andika sudo lspci -vv, usome mstari wa LnkSta, unaoonyesha kasi na idadi ya njia zinazotumika kweli.

Intel X520, ambayo mitumba yake ni mingi, kwa kawaida hukataa moduli za fiba isizozitambua. Ijaribu kabla hujalipa.