Somo: Mikesha Wawili, Hali Mbili

Mkesha ni ndege mdogo apekuaye majani makavu msituni, akitafuta wadudu na minyoo. Tulinganishe wawili walio ndugu. Wote wana mistari miwili myeupe bawani.

Wa kwanza ana kifua cha rangi ya machungwa. Hukaa misitu ya milimani, kama Taita na Mlima Kenya, wala hahesabiwi kuwa hatarini.

Wa pili ana kifua cheupe chenye madoa meusi. Huja kwetu Kwale kutoka kusini, kati ya Aprili na Oktoba. Huyu yumo hatarini kutoweka duniani, kwani misitu ya pwani imekatwa ikabaki vipande.

Basi, mkulima wa Kibuyuni, usifyeke msitu wa kaya, wala usizoe majani yaliyoanguka humo: hayo ndiyo shamba lake.