SOMO: SUNGURA ALIYEACHWA

Jirani akihama Malindi au Kilifi akaacha sungura, tukiwachukua tusiwachanganye na wetu papo hapo. Tuwatenge wiki mbili, tukiangalia upele masikioni na kuharisha.

Adui wao hapa pwani ni joto, hasa Januari hadi Machi. Sungura hatoki jasho. Hujipoza kwa masikio. Chini ya mabati anaweza kufa mchana mmoja tu. Basi tuezeke makuti, banda liinuliwe, upepo upite, maji yasikosekane. Tumpe nyasi zilizokauka vizuri, si mabaki ya ugali.

Dume na jike tuwatenganishe: mimba ni siku 31 hivi.

Tujadiliane: Zamu ya Jumapili ni ya nani? Sungura hula hata tukiwa kanisani.