Mahari Si Bei ya Mtu

Katika nchi ya Uvira, kule Kilibula na vijijini, wazee huhesabu mahari, mara nyingi ng'ombe. Jamaa wenye mali wakiisha kuitoa, huenda wakasema, "Mke huyu ni wetu, kama shamba." Basi mwanamke yumo nyumbani, lakini moyo wake haumo.

Je, mahari ni mbaya? La, ni ushuhuda kati ya jamaa mbili. Sheria ya Kongo ya mwaka 1987 yaidai. Sheria hiyo ilimlazimisha pia mke kuomba ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mapatano, sharti lililofutwa mwaka 2016.

Ni nini basi kifanyacho ndoa? Ukubali wa wawili wenyewe. Hivyo siku ya arusi padre huwauliza wao kama wamekuja kwa hiari. Hawaulizi waliohesabu ng'ombe.