Usimkalishe Mama: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Darasa la Afya la Wazee Kijijini

Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanaposimama Bomang'ombe na kushusha watu na mizigo, vijiji vya wilaya ya Hai hujaa watoto waliokuja kusalimia wazazi. Heshima yao ya kwanza baada ya shikamoo ni kumnyang'anya mama jembe. Majani ya ng'ombe anabeba mjukuu, maji anachota mwingine, na mama anaambiwa, "Kaa, mama, umeshahangaika vya kutosha." Anakaa. Januari wanaondoka, wamemwachia kochi jipya na msichana wa kazi. Ikifika Pasaka, mama anakwenda chooni akishika ukuta.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Kinahusu darasa la afya la wazee, lile la bure linalokutana uwanja wa ofisi ya kijiji, kanisani, msikitini au chini ya mti karibu na zahanati. Lakini hatusemi na mzee peke yake. Mzee hafiki darasani kama nyumba yake haijampa nafasi ya kutoka.

Miguu inapolazwa

Misuli ya mzee haitunzwi kwa kupumzishwa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo watu 12 wenye afya njema, umri wao wastani wa miaka 67, walikaa kitandani siku 10 tu. Walipoinuka, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Hawakuugua chochote, walilala tu. Sasa hesabu bibi amekaa siku ngapi kwenye lile kochi.

Habari ya upande wa pili inatia moyo zaidi. Mjini Boston, mwaka 1990, watafiti waliwafundisha mazoezi ya nguvu za miguu wazee 10 wa kwenye nyumba ya kulelea wazee, wenye miaka 86 hadi 96. Tisa walimaliza wiki 8, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mtu akisema, "Bibi yetu ana miaka 80, amechelewa," mjibu kwamba wale wa Boston walianza wakiwa wakubwa kuliko yeye.

Kochi lenyewe linahitaji neno. Makochi yanayouzwa mjini ni laini na yana kina. Mzee akishazama humo, magoti yanapanda juu kuliko nyonga na hawezi kuinuka bila kuvutwa mkono. Akivutwa kila siku, ile kazi ya mapaja ambayo ilikuwa zoezi lake la mwisho inakwisha. Fundi seremala wa kijijini atengeneze kiti kigumu chenye mikono, ambacho mzee akikikalia nyayo zote mbili zinagusa sakafu na mapaja yanalala sawa. Kitagharimu kidogo kuliko kochi, na kochi wakalie wageni.

Darasani kunafanyika nini

Kwanza ni salamu, na salamu za wazee hazina haraka. Kisha mhudumu wa afya anapima presha. Sehemu hii isirukwe hata kama watu ni wengi. Utafiti uliofanywa hapa Hai kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta karibu 7 kati ya 10 wana presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawajijui. Presha haina desturi ya kubisha hodi. Mzee anaweza kuwa nayo miaka mingi akipalilia migomba, hadi siku kiharusi kinapomwangusha. Kipimo kikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, mzee aende zahanati aangaliwe. Kikisoma 180/110 au zaidi, siku hiyo hafanyi mazoezi: anakaa kivulini, anapimwa tena, na kama haijashuka anapelekwa kituo cha afya.

Baada ya hapo viti vinapangwa duara. Mzee anakaa, anasimama bila kujisukuma kwa mikono, anakaa tena. Asiyeweza aanze kwa kushika mikono ya kiti. Wiki zikipita atashika mkono mmoja, kisha hatashika kabisa. Wanasimama nyuma ya viti wakiegemea kidogo, wananyanyua visigino na kusimamia vidole, wanashusha polepole. Wanasimama kwa mguu mmoja, kiti kikiwa karibu. Wanatembea kwenye mstari uliochorwa chini kwa fimbo, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na hapo ndipo kicheko kinapoanza, maana mstari huo unamfanya mzee aliyekunywa chai tu aonekane ametoka kwenye pombe ya mbege. Mwisho ni nyimbo za kuchezwa. Usidhani ngoma ni ya kufurahisha tu: kugeuka, kurudi nyuma na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine ndiyo kazi inayomzuia mtu asianguke.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Kiasi maana yake mzee anahema lakini anaweza kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Kutembea kwenda darasani na kurudi kunahesabika, hasa huku kwetu kwenye miinuko. Hata kukata majani ya ng'ombe kunahesabika. Ndiyo maana hatupendi anyang'anywe mundu kabisa. Mpunguzieni mzigo, msimwondolee kazi.

Kuna kipimo ambacho mjukuu anaweza kukifanya nyumbani kwa saa ya simu. Weka alama mita 3 mbele ya kiti. Bibi ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini kuanguka na darasa linamhusu hasa. Simama karibu naye wakati wote. Andika sekunde hizo nyuma ya daftari la shule, upime tena baada ya miezi mitatu.

Darasa ni bure, njia si bure

Hakuna kiingilio, hakuna sare ya kununua. Lakini bodaboda inalipwa, na mtu wa kubaki na mtoto wa mwaka mmoja lazima apatikane, kwa kuwa vijijini wazee wengi ndio walezi. Mkimtaka mama ahudhurie Jumanne na Alhamisi, ulizeni nyumbani nani atabaki na mtoto, nani atamsindikiza mtelemkoni siku za mvua. Wazee wawili au watatu wa kitongoji kimoja wakipitiana, nusu ya tatizo imekwisha. Watoto walioko mjini, badala ya kutuma hela ya kochi, watume ya nauli ya darasa.

Wanaume ni kesi nyingine. Babu ataambiwa kuna mazoezi atasema hayo ni ya wanawake na watoto wa shule. Usibishane naye. Mwambie kuna kipimo cha presha. Akishafika, akapimwa, akaona rika lake wamekaa, mwache. Madarasa yanayoweka ubao wa bao baada ya mazoezi hayasumbuki kutafuta wanaume.

Siku ya kwanza mzee avae viatu vilivyofungwa nyuma, si kandambili. Awe amekula, hasa mwenye kisukari, naye abebe mfukoni sukari kidogo au pipi, kwa maana mazoezi hushusha sukari ya damu. Abebe maji, kiu ya mzee hupungua hata mwili unapohitaji maji. Na abebe dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na zile za mitishamba, mhudumu azione. Kizunguzungu cha kuinuka mara nyingine hutokana na dawa, na dawa hubadilishwa na daktari, si jirani.

Mzee aache mazoezi mara moja akisikia maumivu ya kifua, kuhema kupita kawaida, kizunguzungu au moyo kwenda ovyo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea ghafla au maneno yakikorogeka, hicho ni kiharusi: hospitali sasa hivi, asipewe chakula wala maji, asisubiri kuchuliwa.

Wakati wa kurudi nyumbani

Saa moja ya darasa haifui dafu mbele ya nyumba yenye mitego. Angalieni kizingiti kilichovunjika, taa isiyofika uani, utelezi wa mlango wa jikoni. Choo cha shimo ndicho kibaya zaidi: kuchuchumaa na kuinuka gizani bila cha kushika. Chimbieni mti imara pembeni wa kushikilia, au tengenezeni kigoda chenye tundu. Mzee anayepapasa vitu mchana kweupe apimwe macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, si jambo la kuzoea.

Chakula pia. Misuli haijengwi kwa chai na kipande cha mkate, na wazee wengi hupewa hivyo kwa kuwa "hawali sana." Maharage, yai, maziwa, dagaa, kidogo kidogo kila mlo. Kiburu cha ndizi na maharage ni chakula kizuri, ila magadi yapunguzwe, kwa sababu nayo yanapandisha presha kama chumvi. Chumvi yote ya mtu kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo kwenye mkate.

Mzee anayesahau

Katika kila darasa atakuwepo anayeuliza swali lilelile mara tano. Si uchawi, na si "uzee tu." Utafiti wa Hai ulikuta takriban 6 katika kila watu 100 wa miaka 70 na kuendelea wana demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Wilaya hiyohiyo imejaribu tiba ya vikundi kwa wenye hali ambayo haijawa kali: mikutano 14 katika wiki 7, wazee wakizungumzia vyakula vya zamani, wakishika vitu vya enzi zao, wakiimba, wakicheza. Washiriki walifaidika. Darasa la kijiji linaweza kuazima mtindo huo bila gharama: lete kibuyu, lete kinu, uliza kilitumikaje, kisha nyamaza usikilize. Mzee aliyesahau alichokula asubuhi anaweza kukueleza harusi yake kuanzia mshenga hadi mbege ya mwisho.

Nyumbani asifungiwe ndani, asigombezwe. Milango, ratiba na watu visibadilishwe ovyo.

Fedha za matibabu zisiwe kikwazo kabla hamjauliza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo. Mtendaji wa kijiji na baraza la wazee ndio wa kuanzia, na siku ya darasa mara nyingi wote wanapatikana mahali pamoja.

Neno kwa anayetunza daftari la mahudhurio. Madarasa mengi hufa fulana za uzinduzi zikishachakaa, na hufa kimya: leo hayupo mmoja, wiki ijayo watatu. Kwa hiyo jina likikosa tiki mara mbili mfululizo, wenzake wawili waende kwake jioni hiyohiyo. Wasiende kumlaumu. Wapige hodi, wakae, waulize mguu unaendeleaje na nani amebaki na mtoto.